Waamuzi Watatu na Wembe wa Mjomba

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana nikimaliza nitauliza swali, nami sipendi kujibiwa kwa miayo.

Katika nchi ya Tambamilima walikuwapo waamuzi watatu, na kila mmoja alijaliwa jambo lake. Hakimu Tunsume alijaliwa kuujua mpaka wake. Madaraka ambayo hakupewa hakuyagusa, hata ungemwekea mkononi. Jaji Kitundu alijaliwa masikio. Watu walisema akikusikiliza, uongo wako mwenyewe unaanza kukuchosha. Jaji Adelina alijaliwa kutotikisika, akikaa, amekaa. Hawakuwa marafiki. Mmoja alikuwa ngazi ya chini ya mahakama, mwingine ya katikati, mwingine ya juu kabisa, na watu wa ngazi hizo hata chai hawanywi pamoja.

Ngazi zenyewe niwaeleze, msije mkapotea njiani. Zamani nchi ile ilikuwa na mtu mmoja aliyekushitaki asubuhi, akakuhukumu mchana na kukunyonga jioni. Watu walipomchoka waliandika Katiba, na ndani ya Katiba wakapanga mahakama kama nyumba ya ghorofa. Chini wakaweka Mahakama ya Mwanzo, moja kila tarafa, hakimu na washauri wake wawili, isikilize habari za mbuzi walioingia shambani, mipaka, ndoa na mirathi. Juu yake wakaweka Mahakama Kuu, na hiyo peke yake ndiyo iliyopewa kesi za mauaji, kwa kuwa adhabu yake ni kitanzi. Juu kabisa wakaweka Mahakama ya Rufani ya kurekebisha makosa ya wote walio chini. Huko majaji sharti wawe watatu. Wakipungua, hapana mahakama. Wakaandika pia kwamba Mkuu wa Nchi asimwambie mwamuzi aamue nini, wala asimfukuze kazi. Walipomaliza wakapiga vigelegele, wakaenda kulala.

Kuhusu mtu anayekuja kubisha hodi kwa adabu, hawakuandika neno.

Mtu huyo alikuwa Bwana Shomvi, mjumbe wa Mkuu wa Nchi. Hakupaza sauti hata siku moja. Ukimkaribisha aliomba maji, akayaweka mbele yake asiyanywe, kisha akakuuliza habari za watoto wako, kila mmoja kwa jina lake.

Sasa, katika mji wa Majimengi palikuwa na mchimba visima aitwaye Masalu. Huyu ndiye ambaye roho yake inaning'inia katika hadithi hii, kwa hiyo mshikeni vizuri. Masalu alisimama kwenye mkutano wa hadhara akasema visima vya mji vinakauka kwa sababu mashamba ya ukoo wa Mkuu wa Nchi yanavuta maji yote usiku na mchana. Afisa wa maji wa wilaya akapima, akaona ni kweli, akasema ataitangaza habari hiyo. Hakuwahi. Alikutwa amekufa ndani ya kisima alichokichimba Masalu.

Masalu siku hiyo alikuwa kijiji kingine, amezama ardhini hadi kifuani, anachimba. Watu wa mtaani kwake walijua. Lakini askari walipokuja kumkamata, mtaa mzima ulikuwa umefunga milango, na hata wale waliokuwa wakimwita ndugu walichungulia kwenye nyufa za madirisha.

Bwana Shomvi hakumpeleka Mahakama Kuu. Alimpeleka Mahakama ya Mwanzo ya Majimengi, na alikuwa na sababu zake. Ngazi ile mawakili hawaruhusiwi, waandishi wa habari hawafiki, na mambo huisha kabla ya adhuhuri. Hakimu Tunsume alikuwa chumbani kwake, ananyonyesha.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Bwana Shomvi, ingawa alimzidi umri. Akaomba maji, akayaweka mezani. "Tusekile hajambo? Meno yameshatoka?"

Tunsume hakukumbuka kumtajia mtu yule jina la mwanawe. Akamfunika mtoto kwa kanga. "Hajambo. Nikusaidie nini?"

"Kuna hukumu. Tumeshaiandaa, wewe uisome tu."

"Ya kosa gani?"

"Mauaji."

"Basi umekosea mlango. Hapa tunasikiliza kesi za mbuzi."

Bwana Shomvi alicheka kidogo. "Watu wamejaa nje, Mheshimiwa, na wana hasira na aliyemuua afisa wao. Ukiisoma, watakubeba juu juu. Na Mkuu atafahamu kwamba una uwezo wa kupanda."

"Uwezo wa kunyonga sikupewa," alisema Tunsume. "Nisichokuwa nacho siwezi kukuazima."

Akamfunga mtoto mgongoni, akaingia mahakamani, akaketi kati ya washauri wake, na akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Shauri hili ni la mauaji. Mahakama hii haina mamlaka nalo. Mshitakiwa apelekwe Mahakama Kuu leo hii. Anaondoka hapa akiwa hai na mzima, nanyi nyote mmemwona akiwa hai na mzima."

Maneno ya mwisho ndiyo yaliyomfikisha Masalu salama, maana barabara ya kwenda mjini ina makorongo mengi, na mahabusu wa nchi ile walikuwa na desturi ya kuanguka kwenye makorongo. Lakini watu waliokuja kuona hukumu walijiona wamenyang'anywa. Walipiga mawe paa la mahakama. Siku chache baadaye, Tunsume akiwa kliniki na mtoto, nyumba yake iliteketea. Mtaani wakasema ni jiko, na jiko lenyewe alikuwa hajaliwasha tangu jana yake. Alikaa kwenye majivu akalia, na sioni aibu kumsemea: aliogopa sana.

Masalu akafika Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Kitundu.

Jioni moja kabla ya kesi kuanza, Bwana Shomvi alikwenda nyumbani kwa Jaji. Akaomba maji, akayaweka.

"Elisha hajambo, Mheshimiwa Jaji? Bado anapanda basi la alfajiri kwenda chuoni?"

"Hajambo," alisema Jaji Kitundu. "Ni hayo tu yaliyokuleta?"

"Ni hayo tu. Mimi napenda kujua watoto wa watu wanavyoendelea."

Jaji akamsindikiza mpaka getini, kama adabu inavyotaka, na aliporudi ndani akayamwaga yale maji.

Kesi ikaanza. Shahidi mkubwa wa serikali alikuwa Bibi Nyanzobe, mwanamke wa milimani aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe karibu na kile kisima. Bibi huyo hakujua lugha nyingine ila ya kwao, na serikali ikamleta mkalimani wake yenyewe. Wakili wa serikali akauliza: "Ulimwona mshitakiwa akimsukuma marehemu?" Mkalimani akatafsiri. Bibi akaanza kusema. Akasema, akainuka, akaonyesha kwa mikono watu wakibeba kitu kizito, akainama, akajifuta viatu ambavyo hakuwa navyo, akaketi tena, akaendelea kusema.

Mkalimani akageuka. "Amesema ndiyo, Mheshimiwa."

Jaji Kitundu akaweka kalamu chini. "Mama huyu amesema muda wa kutosha kusonga ugali wa harusi. Wewe unaniambia amesema ndiyo?"

"Lugha yao ina maneno mengi, Mheshimiwa."

"Naona. Kaa pale pembeni." Akamwita askari wa mahakama. "Kule mahabusu, yupo mtu yeyote wa milimani?"

Alikuwapo mmoja, mwizi wa mbuzi, anangoja kesi yake. Wakamleta na pingu zake, wakamwapisha. Wakili wa serikali alipinga mpaka sauti ikamkauka. Jaji akamwambia: "Mimi nataka kusikia alichokisema. Wewe hutaki?"

Mwizi wa mbuzi akatafsiri neno kwa neno. Bibi aliona gari la kijivu. Aliona watu wawili wakishusha mtu aliyelegea kama gunia lililomwagwa nusu, wakamtumbukiza kisimani. Mchimba visima hakuwapo. Mtu wa tatu alisimama kando, akawa anafuta matope kwenye viatu vyake kwa majani ambayo yeye Bibi alikuwa ameyakata. "Yule pale," alisema Bibi Nyanzobe, akanyoosha kidole kwenye viti vya nyuma.

Bwana Shomvi alikuwa ameketi huko. Hakugeuka kuona anayeonyeshwa ni nani. Alitabasamu kama mtu anayepigwa picha.

Jaji Kitundu akamwona Masalu hana hatia. Siku hiyohiyo Elisha hakurudi kutoka chuoni. Hakurudi kesho yake, wala kesho kutwa. Hakuna kituo cha polisi kilichosema kinamshikilia, na hakuna hospitali iliyosema imempokea. Jaji alikuwa akiingia chumbani kwa mwanawe, anaketi kitandani, anasikiliza. Masikio yake yote yale, na hayakusikia kitu.

Mlidhani Masalu alikwenda nyumbani? Bado. Serikali ilikata rufaa, na kwa sheria ya nchi ile, serikali ikikata rufaa kesi ya mauaji, mtu hubaki gerezani mpaka rufaa isikilizwe. Bwana Shomvi hakuwa na haja ya kushinda rufaa. Alichotaka ni isisikilizwe kabisa, maana gereza lile lilikuwa na ugonjwa wake wa tumbo, ambao uliwapata wale tu ambao Mkuu wa Nchi alikuwa amewachoka.

Kuwafukuza majaji wa Rufani, Katiba ilikataza. Kuwapa safari haikukataza. Mmoja akapelekwa ng'ambo kusoma, akiwa na mvi kichwa kizima. Mwingine akaitwa kwenye mkutano usioisha. Mwingine akapewa ubalozi. Wakabaki wawili wakitazama viatu vyao, na wa tatu, Jaji Adelina, alikuwa amelazwa hospitali, figo zimegoma, miguu imevimba haiingii hata kwenye kandambili.

Bwana Shomvi alimpelekea matunda. Akaomba maji, muuguzi akamletea, akayaweka juu ya kabati. Kisha akanyamaza, kwa sababu Jaji Adelina hakuwa na mtoto wala mjukuu, na yule bwana alikosa wa kumuuliza.

"Pumzika, mama," akasema hatimaye. "Umeitumikia nchi. Huna mtoto. Ukijisumbua mambo yakaharibika, nani atakuzika?"

"Watakaokuwapo," alisema Jaji Adelina. "Na hayo maji unywe au uyarudishe. Wodi hii ina shida ya maji."

Siku ya rufaa aliletwa mahakamani kwa kitanda cha magurudumu, na chupa ya dripu ikining'inia juu yake. Wakili wa serikali akasimama haraka. "Kwa desturi ya mahakama hii, jaji hasikilizi shauri akiwa amelala. Kwa hiyo majaji waliopo ni wawili, na wawili si mahakama."

"Amesema kweli," alisema Jaji Adelina. "Niinueni."

Wauguzi wakakataa. Akawatazama tu. Wakamwinua, wakamweka kwenye kiti chake cha siku zote, na kwa kuwa mgongo haukuweza kujishika wenyewe, wakamfunga kitini kwa kanga mbili. Akasikiliza rufaa yote akiwa hivyo, jasho likimtiririka. Wale majaji wawili waliokuwa wakitazama viatu waliona haya, wakainua nyuso. Watatu wote wakasema kwa pamoja kwamba Jaji Kitundu hakukosea na Masalu ni huru. Walipomfungua zile kanga, daktari alimwambia muuguzi, bila kushusha sauti vya kutosha, kwamba nguvu aliyoitumia pale hairudi tena.

Basi Masalu akatoka. Watu walikuwa bado uani wanashangilia redio ilipokatiza muziki. Mkuu wa Nchi alitangaza kwamba Katiba imewekwa kando mpaka atakapotangaza vinginevyo. Milango ya mahakama zote ikafungwa kwa minyororo, ya chini, ya kati na ya juu. Ile ghorofa waliyoijenga kwa vigelegele iliporomoka kwa tangazo fupi kuliko la sabuni. Na waamuzi watatu waliomponya Masalu wakawa wanatafutwa.

Masalu hakukimbia peke yake. Aliazima pikapu ya kubebea mboga, akamchukua Tunsume na mtoto wake, akamchukua Jaji Kitundu, akamlaza Jaji Adelina juu ya magunia ya kabichi, wakaenda mpaka kwenye kijiji cha mpakani ambako ndugu za mama yake wanaishi ng'ambo ya pili ya bonde. Serikali ya upande huo ilimwogopa Mkuu wa Nchi, na kila mgeni aliyevuka ilimrudisha. Mtu wa ukoo tu ndiye asiyerudishwa. Hilo serikali zote mbili zililiheshimu tangu zamani, na hata Bwana Shomvi hakuwahi kulivunja.

Mjomba wake, Mzee Ng'wandu, aliwapokea penye jiwe la mpaka, na wembe mkononi.

"Wewe ni damu yetu, unapita," alimwambia Masalu. "Hawa ni wageni. Mgeni anakuwa wa ukoo kwa kuchanjiana damu tu, awe mwanamume au mwanamke. Na mtu huchanjiana mara moja maishani. Ukimchanja wa pili, wa kwanza anarudi kuwa mgeni. Chagua mmoja."

"Mjomba, hawa wote wameniokoa. Wewe chanjiana na mmoja, na binamu yangu achanjiane na mwingine."

"Mtu huchanjiana na aliyeokoa roho yake, hachanjiani na mgeni wa mwenzake. Mimi hawa hawajaniokoa. Sikuiweka mimi sheria hii, mwanangu, na siwezi kuivunja kwa kuwa leo inauma."

Masalu akawageukia wale watatu.

Tunsume ndiye aliyeanza, na hakuzunguka. "Nichukue mimi. Nataka kuishi, sikufichi. Mtoto anyonyaye anapita na mama yake, kwa hiyo utakuwa umeokoa wawili. Na bila mimi kukataa siku ile, ungenyongwa kabla hawa hawajalisikia jina lako. Wao ni majaji wakubwa, wakipotea magazeti ya dunia yatauliza. Mimi ni hakimu wa mbuzi. Nani atauliza?"

Jaji Kitundu alikuwa akitazama barabara waliyotokea. "Bibi Nyanzobe walimchukua juzi," alisema polepole. "Yule mwizi wa mbuzi pia. Ukisema wewe, watasema ni mshitakiwa anajitetea; nimebaki mimi niliyesikia kesi ile tangu mwanzo hadi mwisho, na kuona kidole kilielekea kwa nani. Nikivuka, nitasema mbele ya watu wasiomwogopa Shomvi. Nikikamatwa, jambo hilo limekufa. Na mwanangu ..." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kama mwanangu yu hai, kelele zangu ndizo zitakazomtoa. Kama hayuko hai, Masalu, basi nimemtoa kwa ajili yako. Sikudai. Nakueleza tu."

Jaji Adelina alisema kutoka kwenye kabichi, kwa sauti ndogo ikabidi wainame. "Mimi sina siku nyingi, hilo halihitaji daktari. Ungetarajia niseme niacheni. Lakini Mkuu yule anataka kuapishwa upya, na kiapo chake lazima kipokewe na jaji wa Rufani. Wale wenzangu wawili wamejificha, na hao wengine hawatarudi. Wakinipata hai, watanifunga kitini kama nilivyofungwa siku ile, wataushika mkono wangu, watapiga picha. Nchi nzima itaona sheria imembariki. Watoto wa watoto wenu wataiona picha hiyo. Sitaki kufia huko. Nataka kufia hapo ng'ambo, hata kama ni kesho."

Mzee Ng'wandu akaufungua wembe kutoka kwenye karatasi yake. Kule nyuma, barabarani, vumbi lilikuwa limeanza kuinuka, na halikuwa vumbi la ng'ombe. Masalu akakunja mkono wa shati.

Hapo ndipo ninapoishia mimi, na mnapoanzia ninyi.

Msiniambie "wote watatu". Wembe unachanja mara moja, nimeshasema. Msiniambie Masalu naye abaki, afe pamoja nao. Hilo ni jibu la kujipendezesha, na halimwokoi mtu. Niliwahi kuisimulia hadithi hii mahali fulani, mzee mmoja akajibu upesi: "Achukuliwe Jaji Kitundu, kwa ajili ya ukweli." Nikamwomba amtazame mwanamke aliyekuwa ameketi mbele yake na mtoto mgongoni, amwambie yeye jibu hilo. Akaanza kukohoa. Binti mmoja akasema: "Achukuliwe mama mwenye mtoto." Nikamuuliza kama angekubali kuitundika ile picha ya kiapo ukutani kwake. Naye akainama, akafunga upya kanga yake.

Vumbi linakaribia, na magari sasa yanasikika. Mkono wa Masalu umenyooshwa, na mjomba anangoja jina.

Je, wewe ungeamua vipi? Ungemtaja nani, na hao wawili waliobaki ungewaambia maneno gani kabla ya kuwapa mgongo?